Nilikariri Kanuni Zote, Rafiki Yangu Akafa

Admin, unifichie jina, na haya ya wengine nimeyabadilisha, maana watu wengi wa kwetu Ndithini wako humu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na tisa, nina mke na watoto wanne, nalima mahindi na ndengu. Kanisani wananiita mzee. Hili ninaloandika, hata mke wangu halijui.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa dereva wa lori kwenye depo moja ya unga mjini Machakos. Tulisambaza unga madukani, Kivaa, Katangi, kote huko. Kisha akaletwa meneja mpya, mtu wa makaratasi. Akabandika ukutani kanuni kumi na mbili za usalama, akatangaza kwamba dereva asiyezijua kwa kichwa hapewi ufunguo wa gari. Kila asubuhi tulipanga mstari langoni, yeye anataja namba, wewe unatoa kanuni neno kwa neno. Ukikosea neno moja, unarudi nyumbani. Kulikuwa na dereva mmoja wa makamo, fundi wa usukani kabisa, alishindwa siku tatu mfululizo akaacha kazi. Mimi nilizimeza zote kwa wiki moja. Shuleni sikuwa mkali, lakini kukariri, hapo hunipati. Meneja alikuwa ananitoa mbele nizitaje kama mtoto wa Sunday school na mistari yake ya Biblia. Nilijisikia sana.

Mpakuzi wangu wa mizigo alikuwa Wambua, jirani yangu na rafiki yangu, mtu tuliyekula naye sahani moja. Alikuwa na mke, na binti wa miaka miwili anayeitwa Mwende. Wambua alipenda kunitania kwa hizo kanuni. Tukiwa njiani ananitajia namba, mimi naimwaga, tunacheka.

Siku hiyo tulifika Katangi saa nne asubuhi. Duka la mteja lilikuwa chini ya mteremko, nikarudisha gari nyuma hadi karibu na baraza. Nikavuta handibreki, ambayo ilikuwa imelegea na sote tulijua. Kanuni ya sita ilisema gari likisimama mteremkoni, dereva aweke kabari kwenye tairi kabla mtu hajaenda nyuma. Kabari ni kile kipande cha mbao cha kuzuia gurudumu. Yangu ilikuwa chini ya kiti.

Wambua akashuka, akaniita kutoka nyuma. "Wee, umeweka ile mbao?"

Nilikuwa najaza karatasi za mteja, sikuinua hata macho. Nikamjibu kwa sauti ya langoni, "Kanuni ya sita! Gari likisimama mteremkoni, dereva ataweka kabari!"

Akacheka. "Haya mwalimu, basi iko sawa." Akaanza kufungua nyuma.

Naapa nilipomaliza kuisema niliona kama nimeshaiweka. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimeitamka mara nyingi sana, hata kuisema na kuifanya vikawa kitu kimoja kichwani mwangu. Gari lilirudi nyuma kama hatua mbili tu, likambana Wambua kwenye ukuta wa baraza. Hakupiga kelele.

Nililisogeza mbele, mwenye duka akatoka mbio kumshika. Watu wote walipokuwa wanamwangalia yeye, mimi nilitoa kabari chini ya kiti nikaitupa kando ya tairi. Wambua alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Meneja aliponihoji, aliniuliza kanuni ya sita inasemaje. Nikaitoa bila kukosea neno. Akaniuliza kama niliweka kabari, nikasema ndiyo. Akafunga faili. "Huyu anajua hizi rules kuliko wote. Lazima marehemu aliitoa mwenyewe." Ikaandikwa hivyo, kwamba Wambua alikufa kwa uzembe wake, na mjane akaambiwa hivyo mbele ya wakwe zake. Mimi nikapewa kazi ya kuwafundisha madereva wapya kanuni, na nikaifanya miaka sita.

Mazishini sikulia. Sijalia hadi leo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imekuwa ndefu na hakuna aliyewahi kunisimamisha. Nakula, nalala, naenda kanisani. Ndani niko kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako lakini husikii kitu. Kila msimu wa mvua namlimia Mama Mwende shamba lake, na watu husema mimi ni rafiki wa kweli.

Juzi alikuja nyumbani na binti yake. Mwende amepata mchumba, na wanaleta ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa kuposa kwetu Ukambani. Ndugu za marehemu wamekataa kuja. Mama yake akaniambia, "Baba Kioko, hatuko na mwanaume wa kukaa mbele. Keti wewe mahali ya Wambua."

Kabla sijajibu, Mwende akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, mum aliniambia venye makosa ya dad karibu ikupeleke jela. Naomba msamaha kwa niaba yake. Asante kwa kutotuchukia."

Nikasema, "Ni sawa, mwanangu." Hayo ndiyo maneno yaliyotoka.

Sasa jamani, nyinyi mlio na akili zilizotulia, nisaidieni. Nikisema ukweli, namharibia msichana siku yake na namfanya amzike baba yake mara ya pili mbele ya mama yake. Nikinyamaza, nitakaa kwenye kiti cha mtu niliyemuua, nipokee mbuzi wa binti yake, naye aendelee kuomba radhi kwa kosa ambalo baba yake hakulifanya. Nimwambie nani kwanza, mama au binti? Na ninaanzia wapi? Msiniambie niombe tu, nimeshaomba. Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo, na mimi nimeshakubali kukaa.