Siku Nne na Pikipiki ya Rania

Ukimsikiliza Kitwana, muuza helmeti na vioo vya pembeni, pikipiki ile ililetwa nzima. Anaapa kwamba Jumatatu asubuhi aliiona kwa macho yake ikishushwa kwenye guta, inang'aa, na kwamba aliyeiua ni fundi.

"Ilikuja inapumua," anasema, mkono kifuani. "Mangi kaifungua, kaichokonoa, kaitoa roho. Sasa anatafuta pa kuificha maiti."

Wateja wake wanacheka. Hatua tatu kutoka hapo, Melkiori Shirima, fundi mwenyewe, anayeitwa Mangi kwa Uchaga wake, hacheki wala hakasiriki. Amekalia ndoo iliyogeuzwa, magoti yamempanda karibu na kidevu. Mbele yake kuna pikipiki ndogo ya kitoto, ile ya kurukia mashimo na matope, isiyomfikia mtu mzima kiunoni. Ni Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Ingekuwa inapumua ingeletwa na guta?" anauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

Anavuta kamba ya kuwashia. Krrr. Kimya. Anavuta tena. Bega la kulia linakataa, anahamia mkono wa kushoto.

Melkiori ana miaka hamsini na mitatu. Alitoka Rombo akiwa kijana, akaanza kwa kuosha vyuma kwenye gereji ya Buguruni. Huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili chini ya turubai la bluu, kwenye uchochoro wa Kariakoo nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Wateja wake ni vijana wa bodaboda. Siku ikikaa vizuri anabakiwa na elfu ishirini mfukoni. Siku nyingine anarudi na harufu ya petroli tu.

Masika iliyopita alikaa nyumbani siku kumi na tisa. Maji ya mabati ya maduka yote yanashukia uchochoroni, na turubai halizuii mto.

Ila kinachomchosha zaidi ni sanduku la spana. Hana pa kuliacha, kwa hiyo kila asubuhi analibeba begani kutoka nyumbani Buguruni kwa miguu, na kila jioni analirudisha. Makonda wa daladala wanalikataa, wanasema linakaa nafasi ya watu wawili. Akivua shati, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto.

Ndiyo maana pikipiki hii si ya kawaida kwake. Ni ya Rania, mtoto wa miaka kumi, binti wa Turki mwenye duka la jumla la mablanketi linalotazamana na turubai. Turki amempa neno: iwashe kabla ya likizo inayoanza Jumamosi, na kona ya chini ya ngazi, ndani ya stoo yangu, ni yako. Isipowaka, kona anapewa muuza chaja. Jibu analitaka leo, akitoka kuswali adhuhuri.

"Sitaki jumba mimi," Melkiori anasema. "Nataka pa kuliacha sanduku. Niweke na meza, nifanye kazi nimesimama. Miaka yote hii nimeinama."

Alianza kama anavyoanza siku zote. Jumatatu alimwaga petroli ya zamani, iliyokuwa inanuka kama rangi ya mbao, akaweka mpya. Jumanne alifungua kabureta, akaisafisha, akapuliza vitundu kwa mdomo mpaka kichwa kikamzunguka. Jumatano alitoa plagi, akailaza juu ya chuma cha injini, akavuta kamba aone cheche. Hakuna. Akaweka plagi mpya, hakuna. Akaazima koili, hakuna.

"Mafuta yapo, hewa ipo, moto haupo," anasema.

"Mpigie dua!" Kitwana anapaza sauti.

"Nianze na wewe?"

Leo ameacha kubadilisha vitu. Anaufuata waya mweusi kwa kidole gumba, taratibu, kutoka kwenye koili, chini ya tangi, hadi kwenye usukani. Unaishia kwenye kidude cheusi chenye tundu. Siku zote nne alidhani ni cha honi. Anauchomoa waya pale unapoungana, anailaza plagi juu ya chuma, anavuta.

Cheche ya bluu, ndogo kama jicho la mjusi.

Hapigi kelele. Anapangusa uso kwa kitambaa chenye oili.

"Nimeshika pikipiki za watu wazima maisha yangu yote," anasema polepole. "Hii ya mtoto ina kitu sikukijua."

Adhuhuri imeshaadhiniwa pale Saadiya, mama yake Rania, anapovuka kutoka dukani na chupa ya chai.

"Shikamoo, Baba Nice," anamwamkia Melkiori kwa jina la mwanawe.

"Marahaba, Mama Rania. Hapa kwenye tundu, panaingia nini?"

Saadiya anatua chupa chini. Kutoka kwenye bunda la funguo zake anatoa kipande cha plastiki chekundu, kama ukucha, chenye kamba. Kamba mtoto anaifunga mkononi, kipande kinachomekwa kwenye tundu. Mtoto akianguka, kinachomoka na injini inazima.

Miezi miwili iliyopita Rania alianguka uwanjani Jangwani, akavunjika mtulinga.

"Tulifika hospitali kiko mkononi mwake," Saadiya anasema. "Nikakichukua. Sijakirudisha."

"Kumbe bila hicho haiwaki."

"Haiwaki."

"Sasa inawaka, mama." Anamwonyesha waya aliouchomoa. "Tena hata akianguka, haizimi."

Saadiya anachuchumaa kando ya ndoo, buibui linagusa oili.

"Baba yake anasema kuanguka ndiyo kujifunza. Mimi ndiye niliyelala naye wiki sita, akijigeuza analia. Mwambie imekufa, Baba Nice. Imekufa kabisa, spea hazipatikani. Ukisema wewe ataamini."

"Na kona?"

"Ya kona nitazungumza naye."

"Akiwa ameshampa muuza chaja?"

Saadiya anatazama funguo zake. Kwamba maneno haya yatatoka gazetini, mumewe ayasome, hakumtishi. "Mume wangu anaanzia ukurasa wa nyuma, kwenye mpira," anasema, "na hapo hapo ndipo anapomalizia."

Watu wanaanza kutoka msikitini, viatu mkononi.

"Mangi!" Kitwana anaita. "Mwenye mali huyo anakuja! Imekufa, haijafa?"

Turki anakata uchochoro, ufunguo wa stoo anauzungusha kidoleni.

"Nakuomba," Saadiya anasema kwa sauti ya chini, akimimina chai ambayo hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea.

Mikono ya Melkiori ina kazi. Ncha moja ya waya mweusi iko kulia, nyingine kushoto: akiziunganisha, pikipiki imekufa; akiziacha, inawaka.