Baiskeli Kubwa kwa Bei Ileile

Karakana yetu iko Mowlem, upande wa kuelekea Dandora, imebanwa kati ya mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu na kibanda cha fundi wa nguo. Mabati yake yameshikana kwa urafiki tu. Misumari iliacha kazi zamani. Humo ndani shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ndiye anayechomelea. Ametoka magharibi mwa nchi, kule ambako mtoto huendesha baiskeli kabla hajamaliza kutambaa. Ndivyo ninavyowaambia wateja, na mpaka leo hakuna aliyenipinga. Mimi ndiye muuzaji. Nilimaliza kidato cha nne kwenye masomo ya jioni, yale watu huita gumbaru, nikiwa na ndevu za kutosha kusukia kamba, na tangu siku hiyo hakuna ubishi unaonitisha.

Hatuna duka. Anayetaka baiskeli huona picha kwenye simu, huniandikia, tunaelewana, anakuja kupimwa, shemeji anakata paipu. Kati ya mikono ya shemeji na makalio ya mteja hakuna mtu mwingine. Maneno hayo niliyaweka kwenye tangazo letu la kwanza, mke wangu akayafuta kabla chai haijapoa.

Shida ilikuwa kupima. Ili fremu imkae mtu, unahitaji urefu wa mguu wake kwa upande wa ndani, kutoka kwenye nyayo hadi pale mguu unapoishia. Mwanzoni niliwaomba wateja wajipime nyumbani wanitumie. Balaa! Bwana mmoja wa Mathare alinipigia akitaka kujua mapaja ya mke wake yananihusu nini. Waliokuwa na haya zaidi walimwendea fundi wa nguo, naye akawapima kama anavyopima suruali, kuanzia kiunoni, kwa nje. Tukatengeneza fremu ambazo hata twiga angeomba ngazi kuzipanda.

Ndipo shemeji akaunda punda. Ni baiskeli isiyoenda popote, imechomelewa juu ya bamba zito la chuma. Kiti chake hupanda na kushuka, mikono yake husogezwa mbele na nyuma, halafu kila kitu hukazwa kwa bolti. Mteja anapanda, anagusa chini kwa miguu, anazungusha pedeli kidogo, na shemeji anatazama goti lake kama daktari anayetazama ulimi. Kisha anachora alama za chaki, basi. Hakuna aliyeguswa paja, hakuna aliyepigiwa simu.

Lakini punda hakuweza kututatulia jambo moja, nalo ni bei. Fremu ndogo na fremu kubwa tunauza sawa, kwa sababu kazi ni ileile: kukata, kuchomelea, kusugua, kupaka rangi. Sasa mweleze hivyo mtu wa Eastlands! Sisi tumekulia ndani ya viatu vilivyojazwa karatasi puani, na sweta za shule zilizofika magotini ili tukue tukiwa ndani yake. Kabichi zikiwa bei moja, tunainua kila moja tukitafuta nzito. Kwa hivyo walikuja watu wafupi wanaoweza kupita chini ya meza bila kuvua kofia, na kila mmoja alitaka fremu kubwa kuliko zote. Niliwabembeleza, wakalegea.

Kisha akaja mama.

Huyu mama tulikaa benchi moja kwenye gumbaru. Ametoka mkoa wa Kati, lakini amekaa Pumwani mpaka kuta zinamwamkia. Alikuwa anakuja darasani na ndoo ya chapati iliyofungwa blanketi, na ninaamini kabisa kuwa darasa lote lilifaulu hesabu kwa nguvu za zile chapati. Ni yeye aliyenifundisha kugawanya sehemu, kwa kuikata chapati na kunikataza kuila kabla sijapata jibu. Bado anapika, na kila asubuhi hubeba ndoo kwa miguu hadi kiwanda kimoja katika eneo la viwanda, ili wafanyakazi wazile wakati wa chai ya saa nne. Kiwanda hicho ndicho kinachomlipia nyumba.

Wiki ile magoti yalikuwa yamemchelewesha mara nyingi, chapati zikawa zinafika baridi. Wafanyakazi wakamwambia wazi: kuna muuzaji mwingine ana pikipiki, na Jumatatu wote wawili waje getini. Atakayefika na chapati moto ndiye watakayebaki naye.

Akanipigia simu. "Kijana wangu, nataka baiskeli. Na iwe kubwa."

Alikuja na ndoo yake, akapanda juu ya punda kwa heshima zote, sketi ameikusanya. Shemeji akashusha kiti, akashusha tena, akashusha mpaka bolti ikagoma. Akachora chaki.

"Ndogo, mama," akasema. Shemeji huongea kana kwamba maneno hupimwa kwa kilo. "Ile ndogo kabisa."

"Ndogo ni bei gani?"

"Bei ni moja, mama," nikadakia, nikitabasamu tabasamu langu la biashara.

"Moja na ile kubwa?"

"Moja."

Akashuka kwenye punda kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Yaani nilipe chuma cha huyu," akaninyooshea kidole, na mimi ni mrefu kiasi kwamba ndege zikienda kutua hunipungia mkono, "halafu nipewe chuma cha mtoto wa nasari?"

"Mama, wewe hununui chuma, unanunua vile baiskeli itakavyokukaa..."

"Nyamaza. Baiskeli nimeijua kabla baba yako hajaoa."

Na kweli aliijua. Alituhadithia palepale kwamba alijifunzia kwenye baiskeli ya baba yake huko nyumbani, akiwa mdogo hata kiti hakifikii. Alikuwa anapitisha mguu chini ya paipu ya juu, mwili wote unaning'inia upande mmoja kama shati kwenye kamba, anakanyaga hivyo mpaka sokoni. Kwa mama, baiskeli ni kitu kirefu unachopigana nacho. Isiyokupiga vita ni ya kuchezea.

"Na kusimama ulikuwa unasimamaje?" nikauliza.

"Kulikuwa na nyasi za ng'ombe pembeni," akasema, akafunga mada.

Shemeji akamwonyesha fremu kubwa iliyokuwa imekwisha kuvalishwa magurudumu, ya jamaa mmoja anayesambaza maji. "Jaribu hii."

Mama akapanda jiwe lililo mbele ya kibanda cha fundi wa nguo, kutoka jiwe akapanda baiskeli, akaenda. Wacha niseme ukweli, alienda vizuri! Mgongo umenyooka, leso inapepea, akazunguka kiwanja kilicho mbele yetu kama gavana anayekagua gwaride. Tukapiga makofi. Akarudi, akatupita, akazunguka tena. Akarudi tena, akatupita tena, safari hii macho yamemtoka.

"Mama, simama!" nikapiga kelele.

"Nisimame wapi? Chini iko mbali!"

Fundi wa nguo akaacha cherehani. Mnunuzi wa vyuma akaacha mzani. Umati ukajaa kiasi kwamba ningeuza tiketi, ningekuwa nimejenga ghorofa.

"Niaje, mathe!" akaita kijana mmoja aliyebeba mitungi ya maji. "Leo hufiki?"

"Nimefika kitambo! Ni miguu haijafika!"

Mwishowe alikumbatia nguzo ya kibanda cha fundi wa nguo, akabaki nayo, na baiskeli ikaendelea peke yake mpaka ikalala kwenye rundo la mabati ya jirani. Tulimkimbilia. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa anacheka, na sisi tukacheka, fundi akacheka mpaka akakalia pini zake.

Shemeji hakucheka. Aliinua ile baiskeli, akaipangusa, kisha akauliza polepole, "Kwenye geti la kiwanda, mama, utashika nguzo gani?"

Kicheko kikamwisha mama usoni. Akaitazama ndoo yake pale chini. Nikajua anaona kile nilichokuwa naona mimi: lango, lori linapiga honi, wafanyakazi wametoka na vikombe, na chapati zote zimetawanyika vumbini huku mwenye pikipiki akifungua sanduku lake.

"Haya," akasema. "Kata ndogo."

Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kuandaa picha ya kuweka kwenye simu. Lakini mama alikaa kwenye benchi la fundi akamtazama shemeji akikata. Paipu zetu huja na urefu wa kutosha fremu kubwa, kwa hivyo ukitengeneza ndogo, vipande vinadondoka. Vipande hivyo kwa kawaida shemeji huvisukuma kwa mguu hadi pembeni, vinaenda kwa mzani wa jirani, na jioni vinageuka sahani ya githeri. Siku hiyo kila kipande kilipodondoka, mama aliinuka, akakiokota, akakitia kwenye kiondo chake.

"Mama, hivyo bado ni vya moto," nikasema. "Ni vya nini?"

"Ni vyangu." Akamgeukia fundi wa nguo. "Wewe, nikikuletea kitambaa, vipande vinavyobaki unanirudishia ama hunirudishii?"

"Nakurudishia, mama," fundi akajibu haraka, maana anamjua.

"Na nikinunua kuku akichinjwa, shingo ni ya nani?"

"Yako, mama," fundi akajibu haraka zaidi.

"Basi. Nimelipa kubwa, nimechukua ndogo. Salio ni hili hapa." Akakitikisa kiondo, kikalia kama kengele za kanisa.

Mimi nilikuwa na hotuba tayari. Nilikuwa nianzie gharama za umeme, nipitie bei ya rangi, nimalizie uchumi wa dunia. Shemeji akapandisha kinyago chake cha kuchomelea, akamtazama mama kama mtu aliyegundua shangazi aliyepotea.

"Utavifanyia nini?"

"Nitaviweka chini ya kitanda. Kazi yake itakuja."

"Vilete."

"Sivileti!"

"Vilete, mama, nivifunge nyuma ya baiskeli yako."

Mama akafikiri. Akauliza kama vitafungwa vyote. Shemeji akasema vyote. Akaomba ndoo, akaiweka chini sakafuni, akaizungushia chaki, kisha akapima urefu wake na blanketi likiwa juu. Ndoo ya chapati ikapimwa vizuri kuliko mabwana harusi wengi. Kutokana na vile vipande akaunda karia ya kubebea mzigo, pana, ya chini, yenye ukingo pande zote, ndoo ikizama ndani yake kama yai kwenye kiota. Kipande kifupi kuliko vyote, ambacho nilidhani hakifai hata kuwa kifungo, kikawa mguu wa stendi.

Mama hakuridhika mpaka baiskeli zote mbili, yake na ile ya msambaza maji, zikaning'inizwa kwenye mzani wa jirani. Yake ikavuta zaidi kidogo. Alitazama ule mshale kwa furaha ambayo sijaiona hata siku alipopokea cheti chake.

"Mtu asiseme nimepunjwa," akautangazia mtaa.

Jumatatu nilimfuata kwa baiskeli yangu. Nilimwambia ni huduma baada ya mauzo, lakini ukweli ni kwamba usingizi ulikuwa umenikataa. Alitoka Pumwani ndoo ikifuka, akaenda mbele yangu bila haraka, akiyapita malori yaliyokwama, akiwaamkia watu njia nzima. Kila shimo la barabara lilinipiga mimi kifuani. Ndoo yake haikutikisika.

Getini wafanyakazi walikuwa wametoka na vikombe. Mwenye pikipiki alikuwa amefika, kofia yake ngumu kichwani, sanduku liko wazi. Mama alipolikaribia lango, lori likatoka ghafla, dereva akaegemea honi, na mimi nyuma nikafumba macho. Ndiyo, niliyafumba, mwanaume mzima.

Nilipoyafumbua, mama alikuwa amesimama. Hakuwa ameshuka. Alikuwa bado juu ya baiskeli, breki ameshika, nyayo zote mbili zimelala bapa juu ya lami, anamngojea dereva apite kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Lori likapita. Akashuka taratibu, akateremsha stendi, akafungua blanketi, na mvuke ukapanda mpaka, nadhani, marubani waliisikia harufu yake.

Jamaa wa kwanza akachukua chapati, akairusha mkono huu hadi ule. "Inachoma hii!"

"Ulitaka ikubusu?" mama akamjibu, na foleni ikahamia kwake. Mwenye pikipiki naye, nilimwona kwa macho yangu, alifunga sanduku na kujiunga na foleni.

Mama alikuwa anaendelea kutazama chini, kwenye viatu vyake. "Unajua," akaniambia kwa sauti ndogo, "tangu kwa baba, mimi nilikuwa nasimama kwa kuanguka."

Kisha mama akainamia ndoo, akachambua, akanipa chapati. Nikaitazama. Ilikuwa ndogo kuliko zote zilizowahi kupikwa Pumwani, ukiiweka kwenye kiganja inapotea.

"Mama, mbona hii ndogo hivi? Na nitalipa kama wengine."

"Bei ni moja, kijana wangu," akasema. "Kula."