Mama Mkwe Amesema Si Hivyo

Mimi ni mtu wa kichwa kigumu, na sioni haya kulisema. Nilizaliwa Namatala, kule Mbale, katika nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kugombana na ya kupatana. Leo ninakifundisha katika shule ya sekondari hapa Jinja. Wanafunzi wananiita Afande. Kwao wao Kiswahili ni lugha ya askari, na mtu anayekisema kutwa kucha bila kulazimishwa lazima awe ameficha bunduki mahali. Nimezoea.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiandika riwaya. Ndani yake mna mwanamke aliyeponea chupuchupu katika miaka ile ya utawala wa askari na vizuizi vyao vya barabarani, na sura ya nne ndiyo inayoonyesha jinsi mambo yale yalivyombakia mwilini hadi uzeeni. Niliiandika kwa siku tatu, nikajiona nimeua tembo kwa ubua. Mwanamke wangu akisikia mlango umebamizwa, anaanguka chini, anapiga ukelele, anararua nguo, anazungumza na wafu. Nilimtoa wapi? Kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, askari wa zamani. Sisi watoto tulikuwa tukimgongea makopo nyuma yake ili tumwone akiruka na kututukana. Huyo ndiye niliyemjua, basi nikamvisha gauni.

Mimi siwezi kuandika bila kusoma kwa sauti. Baada ya swala ya alasiri ninakaa barazani, mke wangu anachambua mchele, nami ninamsomea. Mwaka huu mama yake alitoka Budondo kuja kutibiwa mtoto wa jicho. Sasa, kwa desturi ya Wasoga, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Halali chini ya paa lake, hali naye, hawatazamani usoni. Tukampa chumba cha uani chenye dirisha linaloelekea barazani, tukatundika pazia zito. Nikipita upande ule nilikuwa nikikohoa kwanza, apate kujisogeza. Salamu zetu alizipeleka mke wangu. Kuhusu kusoma sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana tangu nipeleke posa sijawahi kumsikia mama akitamka neno la Kiswahili. Nilijua hakijui.

Siku niliyosoma sura ya nne nilitia mbwembwe. Ukelele niliupiga mwenyewe, kuku wa jirani wakatawanyika. Mke wangu akaitwa dirishani, akarudi uso umemshuka.

"Baba watoto, mama anasema si hivyo."

"Si hivyo nini?"

"Huyo mwanamke wako. Anasema umemfanya kichaa."

"Kwani mama anajua Kiswahili?"

Alinitazama kwa huruma. "Watu wa umri wake wote wanajua. Unafikiri wale askari walikuwa wanawasemesha Kisoga?"

Kwanza niliona aibu, halafu nikapandwa na hasira. Nyumba yangu, kitabu changu, lugha yangu. Nikamwambia mke wangu ampelekee mama jibu: hii ni hadithi tu, imetungwa. Akaenda, akarudi.

"Anasema miaka arobaini amejificha asiitwe kichaa, na sasa mkwe wake anamtangaza. Ukiiacha vile, kesho anarudi Budondo."

Jicho moja lilikuwa limeshapasuliwa, la pili lilingojea zamu. Akiondoka angebaki nalo hivyo hivyo, na tulijua harudi.

Nilinuna siku mbili. Mke wangu hakunibembeleza. Alipita na ndoo yake ya maji, akaniangushia moja tu: "Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."

Jumamosi nikaenda Mbale kwa mama yangu mzazi, nimwulize habari za yule mzee. Nilitaka anithibitishie kuwa nilikuwa sawa, sikutaka kujifunza kitu. Mama alikuwa akikuna nazi, wala hakusimama.

"Yule? Fundi mzuri yule. Plasta ya nyumba hii kaipiga yeye. Mwaka mzima alikuwa anafanya kazi zake, anasomesha watoto wake, anasali mstari wa mbele. Siku mbili tatu nyinyi mnamgongea makopo, naye anaruka. Wewe ukaziona hizo siku mbili tatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na uandishi wote huo, na kumbe mtu mzima nilikuwa bado nagonga kopo. Nilirudi Jinja siku ileile, nikaichana sura ya nne yote, kurasa kumi na tisa, nikaanza upya.

Safari hii niliomba ruhusa. Nilimtuma mke wangu na maneno haya: mimi nitasoma, mama atasikiliza, na kila penye uongo akohoe. Mimi ninakohoa kwa kumheshimu, naye akohoe kwa kunikosoa. Jibu lilichelewa hadi siku ya pili. Anakubali, ila nisimwulize lolote ambalo hajalisema mwenyewe.

Wallahi, yule mama alikohoa. Wiki ya kwanza nilidhani amepata kifua. Niliandika kwamba mwanamke haoni raha kamwe: kikohozi. Kwani hacheki? Mama mkwe wangu ndiye mcheshi kuliko wote Budondo, na muuza nyanya anayemwona anakuja hushika kichwa, akijua atataniwa. Niliandika kwamba anayakumbuka mambo yale kila siku: kikohozi. Wiki nzima inaweza kupita bila kukumbuka. Halafu lori linasimama nje ya ukuta bila kuzima injini, naye anakatiza neno katikati. Mikono inaendelea kubambua karanga, ila ukimwita hasikii. Lori likiondoka anamalizia neno lake palepale alipoliachia. Haya niliyaona kwa macho yangu kwa mbali, kupitia mlango wa uani, bila kumtazama usoni, na kama nisingekoholewa nisingeyaangalia.

Halafu kulikuwa na viatu. Nyumba ya Waislamu viatu huvuliwa nje. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikitoka na kukuta viatu vyote vimeingizwa ndani na kupangwa ukutani, navirudisha barazani nikigombeza watoto, kesho vimo ndani tena. Siku moja mke wangu aliniambia nisigombeze mtu. Ni mama. Katika miaka ile, kwenye kizuizi kimoja cha askari barabarani, yeye na wenzake waliamriwa wavue viatu, kaka yake mkubwa akaingizwa kichakani. Kwa miezi kadhaa kila akienda sokoni alivipita viatu vya kaka yake vikiwa pembeni ya barabara, na hakuna aliyethubutu kuviokota. Tangu siku niliyoambiwa hayo, viatu vya nyumbani kwetu vinakaa ndani, na mgeni anayeuliza namwambia tunaogopa mvua.

Sura ikaisha. Niliisoma yote mwanzo hadi mwisho, na dirishani hapakutoka kikohozi hata kimoja. Mama akapasuliwa jicho la pili. Nikaipeleka riwaya kwa mhariri mmoja Kampala. Akanijibu kwa simu kwamba ameipenda, lakini sura ya nne imepoa. Msomaji hataona kwamba huyu mama ameumia. Nimtilie ukelele mmoja tu, mahali popote, na mkataba uko tayari.

Nitasema kweli, nilitikisika. Miaka miwili, na ukelele mmoja ni mstari mmoja. Nikakaa barazani nikamweleza mke wangu, akaenda dirishani kuuliza kama mama angeona vibaya. Akanisemea kwa Kisoga.

Aliyejibu ni mama mwenyewe. Alijibu kwa Kiswahili, nyuma ya pazia, akinisemesha mimi moja kwa moja. Kilikuwa Kiswahili kikavu, cha amri, kama alivyokipokea kwa wale askari.

"Mkwe, sikia. Afande alisema, nani analia, huyo anafuata yeye. Sisi tunaona kaka anaenda. Mimi hapana lia. Mtoto iko mgongoni, anataka kulia. Mimi natoa yeye mgongoni, natia titi kwa mdomo, nakaza, mpaka pumzi inataka kuisha. Mtoto ni huyu amesimama hapa."

Mke wangu ana miaka arobaini na kitu. Hili la mtoto alikuwa hajawahi kuambiwa. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, na mkono wa mama yake ukatoka chini ya pazia, ukamshika.

Mimi niliingia ndani nikamwandikia mhariri. Nilimwambia mwanamke wangu halii, katika sura ya nne wala katika sura yoyote, na kama kitabu hakiwezi kutoka hivyo, kisitoke.