Mgonjwa Aliyefumua Kofia Zangu

Kuna mgonjwa alikuwa anafumua kofia zangu.

Haziibi wala hazipotezi. Anazifumua, mstari kwa mstari, mpaka linabaki donge la uzi.

Nilipoambiwa, hata mimi nilidhani natingishiwa kiberiti, napimwa tu.

Iko hivi. Mimi na kina mama wenzangu sita tunafuma kofia za sufu kwa ajili ya wodi ya saratani. Zile dawa humaliza nywele zote, na kichwa kitupu kinasikia baridi hata jua likiwaka. Hatulipwi. Nikitoka kazini nafua, napika, ndipo nashika sindano. Mume wangu husema vichwa vya watu vina bahati kuliko tumbo lake.

Kusema kweli, nilikuwa nimechoka. Vidole vinauma, shingo imekakamaa, na nilishapanga kuwaambia wenzangu kwamba mwezi ule ndio wangu wa mwisho.

Ndipo nesi wa wodi akanipigia.

"Mama Kofia, kuna mgonjwa anafumua kazi yako. Hii ni ya tano sasa."

"Na za wenzangu?"

"Hazigusi. Anachambua kapu zima la kofia mpaka apate yako."

Kuijua yangu si kazi. Natumia mkono wa kushoto. Mama alinifundisha tukiwa tumeketi uso kwa uso, nami nikawa namwiga kama ninayejitazama kwenye kioo. Kwa hiyo pale utosini, kofia inapofungwa, mizunguko yangu inaelekea kinyume na ya watu wote. Wenzangu wamenicheka mpaka wamechoka.

Damu ilinichemka. Kofia moja inanila jioni tatu.

"Kesho nakuja," nikamwambia nesi. "Huyo mtu atanieleza nimemkosea nini."

Nikaomba ruhusa kazini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, makali juu ya makali.

Nesi akanionyesha kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Mwanamke mwembamba, kichwa kitupu, kanipa mgongo. Mapajani ana kofia yangu ya kijani, anavuta uzi taratibu, hana haraka.

"Samahani, dada," nikaanza, sauti juu.

Akageuka.

Alikuwa dada yangu. Wa tumbo moja.

Tulikuwa hatujasemezana miaka minne. Mama aliugua akiwa kwake, akafia kwake, mimi nikapigiwa simu mambo yameshakwisha. Msibani, mbele za watu, nilimwambia, "Umemficha mama mpaka amekufa." Hakunijibu. Tangu siku ile hatukutafutana.

Maneno yangu yote makali yakayeyuka.

"Umechelewa," akasema. "Nilidhani ya tatu tu ingekuleta."

"Ulijua ni zangu?"

"Nani mwingine anafunga utosi kinyume? Si nilikuwepo mama akikufundisha?"

"Mbona hukunipigia, dada?"

"Ingeita?"

Nikatazama chini. Namba yake nilikuwa nimeizuia.

"Nakujua, mdogo wangu. Ukisikia naumwa, utakaa kwanza ufikirie wiki nzima. Ukisikia mtu anaharibu kazi yako, unakuja mbio." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Ulisema nilimficha mama. Sikutaka nife, halafu useme nimejificha na mimi."

Nililia mpaka nesi akatuvutia pazia.

Chini ya mto alikuwa ameweka madonge manne, kayaviringisha vizuri. Uzi uliofumuliwa hubaki umejikunja mpaka uuoshe na kuuanika. Sikusubiri kuosha. Niliketi nikaanza kumfumia kofia moja ya rangi tano, imejaa mawimbi, naye ananikosoa kila mstari.

"Legeza mkono. Unafuma kwa hasira."

Nikawa naenda kila siku. Siku ya tisa nikapata ujasiri, nikamwuliza kwa nini sikuitwa mama alipoumwa.

"Mama ndiye alikataza. Ulikuwa na mimba changa, na mbili za kwanza zilishatoka. Akaogopa mshtuko utaitoa na hiyo."

"Miaka minne, dada. Mbona hukusema?"

"Ungemkasirikia marehemu. Nikaona heri unikasirikie mimi, niko hai."

Nilimshika mkono, basi.

Ile kofia aliivaa siku kumi na moja. Tulimzika nayo.

Bado nafuma. Vidole vinauma vilevile, na kuacha nimeshindwa. Kila ninapofika utosini naona aibu upya, kwa sababu nilikuwa na miaka minne nikaimaliza kwa kununa.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna namba ya ndugu yako umeizuia, ifungue leo. Muulize kile ambacho hukumwuliza msibani. Usisubiri mpaka akufumulie kofia tano ndipo uende.