Ua Uliotembea Hatua Saba

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifundisha jiografia katika shule moja kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Luanda Kotieno. Alasiri za Jumatano nilikuwa na darasa la ngumbaru. Watu wazima hao walikuja kujifunza kusoma barua. Mimi nikawaongezea sakafu ya bahari, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuisoma na sikuweza kunyamaza.

Nilisogeza madawati mawili, nikaacha upenyo mwembamba kati yake. Kutoka chini nikapandisha mikeka miwili ya mafunjo, mmoja nikauvuta kushoto, mwingine kulia.

"Tazameni," nikasema. "Katikati ya bahari kuu pana ufa mrefu, na pande zake mbili zinaachana polepole. Jiwe la moto lililo chini linapanda. Mgandamizo ukipungua, sehemu yake inayeyuka, inatokea ufani, inakutana na maji baridi, inaganda. Hiyo ndiyo sakafu mpya. Kwa kuwa bado ina joto imevimba, ndiyo maana mahali hapo pameinuka kama mgongo wa ng'ombe."

Mwanafunzi wangu bora, mzee mwenye shamba karibu na ziwa, akainua mkono. "Kwa hivyo, Mwalimu, ardhi inazaa?"

"Swali zuri sana, Mzee! Ndiyo, inazaa."

Jumatano iliyofuata nilifundisha nusu iliyobaki: sakafu ikizeeka hupoa, huwa nzito, na mbali huko huzama tena ndani ya dunia, kwa hivyo dunia haiongezeki ukubwa. Mzee hakuja. Nilidhani ana homa.

Alikuwa anapanda minyaa. Kwetu ua wa minyaa ndio mpaka wa shamba. Jirani yake, mama mjane, alikuwa Muhoroni kwa mwezi mzima akimsaidia binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta ua umeingia hatua saba ndani ya shamba lake, ukameza viazi vitamu vyake na kichuguu chake. Na huo ndio mwezi ambao kamati ya ardhi ilikuwa ikipima mashamba. Mpaka utakaoandikwa ungekuwa ndio mpaka, milele.

Kesi ilisikilizwa palepale shambani, kwa Kiswahili, maana afisa wa vipimo alikuwa kijana wa kutoka milimani na Kijaluo hakujua.

"Mimi sikuhamisha ua," Mzee alisema kwa utulivu. "Hii shamba yangu imezaa. Imesukuma ua. Muulizeni Mwalimu, yeye ndiye alisema."

Nikaitwa. Nilikuja na mikeka yangu. Yakaletwa mabenchi mawili, nikaeleza tena tangu mwanzo, na wazee wa kamati wakainama kuchungulia upenyo kana kwamba moto utatoka.

"Hiyo sakafu inaenda mbio kiasi gani?" afisa akauliza.

"Karibu sawa na kucha zinavyoota."

Mwenyekiti wa kamati akaukamata mkono wa Mzee, akauinua watu wote wauone. "Hatua saba kwa mwezi mmoja! Bwana, kucha zako zingekuwa zimefika Awasi!"

"Nilikata," Mzee akasema.

Watu walicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya jembe lake, akimtazama afisa na kalamu yake. Nikaona kwamba kicheko hakitamrudishia kiazi hata kimoja, na maneno yaliyomfikisha hapo yalikuwa yangu.

"Kuna jambo lingine," nikasema. "Pale ufani ndipo penye kitu kichanga kuliko vyote. Ukienda mbali, kushoto au kulia, ndipo unakuta vya zamani. Kama ardhi ilizaliwa hapa mwezi uliopita, basi hapa hapawezi kuwa na kitu cha zamani."

Sote tukageuka kutazama kichuguu. Kilikuwa kirefu kumpita afisa. Kila kichuguu kwetu kina mwenyewe. Mvua zikianza, mwenyewe hukifunika kwa matawi na blanketi, hutega kumbikumbi, na majirani hupelekewa sehemu yao.

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Mzee, mwaka juzi kumbikumbi ulikula za wapi?"

Kwa habari ya chakula Mzee hakuweza kusema uongo. "Za Mama."

"Kutoka kichuguu gani?"

"Hii."

"Na bakuli langu je?" mama akadakia.

"Bakuli bado sijarudisha."

Afisa aliandika hilo pia. Kisha akaandika kwamba ua urudi ulipokuwa.

Jumamosi nilikwenda kusaidia kung'oa minyaa, kwa kuwa dhamiri ilinisumbua. Tulifanya kazi tukikwepa utomvu usiingie machoni, hadi Mzee aliponyooka na kufuta jasho.

"Mwalimu, hii ni makosa yako. Hiyo mambo ya kuzama ungefundisha siku ileile ya kuzaa."

Nikafikiri kidogo. "Hiyo ni hoja nzuri sana, Mzee."

Kutoka upande wa pili wa ua, katikati ya viazi vyake, mama akapaza sauti: "Mwalimu! Usimsifu!"