Ushuru wa Mtani

Mwanangu ana miaka mitatu, na tangu azaliwe viganja vyake vyote viwili amevikunja ngumi. Mtindio wa ubongo, tuliambiwa hospitali. Shingo ilikaza polepole, mgongo nao ukajitahidi, lakini ngumi zile ndizo zilizonikosesha raha. Siku nikifa, nani atamtia tonge mdomoni? Nilikuwa nawaza hilo hata kanisani.

Anayemfanyisha mazoezi ya viungo ni kaka mmoja wa Kigogo, mnene, mcheshi kupita kiasi. Siku ya kwanza nilimsalimia kwa adabu zote. Akaniuliza, "Nyie wapagazi wa Tabora, mzigo mmeutua wapi?" Aa, kumbe mtani, makabila yetu yanataniana tangu enzi za mababu! Nikamjibu hapohapo, "Na wewe Mgogo, bakuli lako la kuombea leo umemwachia nani?" Weee! Kuanzia siku hiyo kliniki ikawa kama sherehe. Mtoto analazwa juu ya mpira mkubwa, ananyooshwa kidole kimoja kimoja, huku sisi tunatukanana mpaka wagonjwa wengine wanashika mbavu. Nyumbani Itetemia, mimi na mama mkwe tulirudia mazoezi yaleyale mkekani. Tukivifungua vidole, vinajikunja tena.

Ijumaa moja nilibeba bakuli la michembe, viazi vitamu vya kukausha, nimeipika laini kwa karanga. Mwanangu anaipenda hiyo, usiseme! Mazoezi yalipoisha nikaanza kumlisha. Kipande kinakaribia kabisa kuingia mdomoni, yule bwana akakinyakua.

"Babu zenu walipita kwetu na misafara, ushuru wa njia hawakumaliza. Nauchukua leo!" Akala.

Cha pili, akanyakua. Akala, tena kwa kulamba vidole. Mtoto akafura, mdomo unamcheza. Moyo uliniuma jamani, nilitamani nimzabe kofi! Lakini mtani hakasirikiwi, ndivyo tulivyolelewa, basi nikauma meno.

Cha tatu akakishika mbele ya macho ya mtoto, akawa anakichezesha. Mwanangu akanguruma. Mkono ukainuka unatetemeka, ukapotea njia, ukamtandika mtani puani. Ukarudi kwenye kipande. Halafu vidole vikaanza kufunguka, vyenyewe, hakuna aliyevigusa, gumba likawa la mwisho. Akakikamata kile kipande! Nusu ikapondeka, nyingine ikaenda shavuni, kidogo ikaingia mdomoni. Akatafuna huku anamkazia macho mwizi wake.

Nilipiga mayowe ya furaha mpaka muuguzi akaja mbio akidhani kuna msiba. Mtani machozi yanamtoka, kapiga magoti, kakinga mkono: "Nionjeshe basi, bosi wangu!" Hakupewa kitu. Mtoto alikuwa keshauzamisha mkono bakulini, anahangaika na kipande kingine kinachoteleza. Mimi, kwa mazoea, nikakiokota nimlishe.

Akausukuma mkono wangu.