Ngazi Nne za Nia

Mama yangu huwaambia watu kwamba naandika sheria, na watu wa kule kwetu, juu ya Tengeru, wamenipa heshima nisiyostahili. Ukweli ni kwamba nafanya kazi katika ofisi moja ya Arusha mjini, ambako wanasheria wa nchi kadhaa wanatunga kanuni ya mfano ya makosa ya jinai, yaani sheria isiyo ya nchi yoyote, ambayo nchi ikiipenda itaichukua na kuifanya yake. Wao ndio wanaoandika. Mimi natafuta kila kifungu kilizaliwa wapi.

Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Nilidhani sheria tulizorithi zilitungwa na watu waliotufahamu, hata kama hawakutupenda. Kumbe Waingereza walituletea kwanza kanuni waliyokuwa wameiandikia India, kisha wakaona haifai, wakaleta nyingine iliyotungwa Queensland, Australia, ikapitia Nigeria kabla ya kufika kwetu. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha nikakasirika, kisha sikujua nifanye nini na hasira yenyewe. Mkulima wa Meru anafungwa kwa maneno ya mtu wa Queensland! Bosi wangu, jaji mstaafu kutoka nchi jirani, aliniambia nisijisumbue.

"Binti, sheria ni kama mitumba," alisema. "Huulizi nani aliivaa. Unaangalia kama inakutosha."

Kitu kimoja nilikipenda kuliko inavyofaa kupenda kitu cha kazini. Waliotunga kanuni ya mfano kule Marekani walichoshwa na rundo la maneno ya zamani ya kueleza moyo wa mkosaji, wakayapunguza yakabaki manne: alikusudia, alijua, hakujali, au alizembea. Ngazi nne, na adhabu inafuata ngazi. Nikaanza kuwapanga watu wote humo. Mpangaji mwenzangu wa Kaloleni aliyemwaga maji ya kufulia mlangoni kwangu: hakujali. Mimi niliyesahau kumpigia mama simu Jumapili: uzembe. Kwa mara ya kwanza niliona dunia imepangika.

Mwaka huohuo mdogo wangu wa kiume alimkata jirani yetu kwa panga.

Yalikuwa mambo ya maji. Mfereji unaoshuka kutoka mlimani tunautumia kwa zamu, na jirani aliufunga siku ya zamu yetu wakati maharage yetu yananyauka. Mdogo wangu alimkuta palepale akiwa na jembe, wakajibizana, panga likashuka. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa jirani havikunjiki tena. Polisi walipomchukua mdogo wangu, aliwaambia alilenga mpini wa jembe, mkono ukaingia katikati. Hapakuwa na shahidi mwingine. Akapata dhamana, na kesi ikawa inaahirishwa tu.

Mama hakuisubiri mahakama. Alichukua jani la isale, lile tunaloombea radhi, akalipeleka kwa jirani, naye akalipokea kwa mkono wa kushoto maana wa kulia ulikuwa bado na bandeji. Ukishalipokea isale huwezi kukataa kusikiliza. Mshili, yaani mzee wa ukoo, akapanga siku ya suluhu: kondoo atachinjwa, familia mbili zitakula pamoja, na kabla ya kula mkosaji atasema yote. Nusu haikubaliki. Kwetu inaaminika kwamba nyama ya suluhu ikiliwa juu ya jambo lililofichwa huwadhuru waliokula, tena huanza na watoto. Sisi ni Walutheri wa siku nyingi, na mzee wa kanisa ndiye aliyefungua kwa sala, lakini sijaona mtu aliyethubutu kuijaribu nyama ile.

"Wewe si ndiye mwandishi wa sheria?" mshili akaniambia. "Tuandikie muhtasari, mama."

Ningeweza kuandika kama wanavyoandika wengine: waliokuwepo ni hawa, walikosana, wamepatana, sahihi zao hizi hapa. Lakini nilifurahi kuombwa. Naona aibu kusema, ila nilifurahi mno, nikaketi kwenye kigoda na daftari jipya nililolinunua kwa kazi hiyo.

Mdogo wangu alisimama uani, kofia mkononi. "Nilimkata," akasema. "Nimekosa."

Mshili aliitikia kwa kichwa na angeendelea. Mimi nikainua kalamu.

"Ulikusudia?" nikamwuliza. "Au ulijua tu kwamba unaweza kumkata? Au hukujali?"

Watu wote wakanigeukia. Mama akaniambia kwa Kimeru niache. Mdogo wangu alinitazama mimi, kisha akawatazama watoto wa jirani waliokaa kwenye mkeka wakingoja nyama.

"Nilikusudia, dada. Mkono niliuona. Niliutaka uleule mkono."

Jirani akalia, mtu mzima mwenye wajukuu. "Basi," akasema, "sasa nimesikia." Wakashikana mikono ya kushoto, tukala. Sijapata kuona suluhu iliyowaingia watu moyoni kama ile, na nilijisifu kimoyomoyo kwamba swali langu ndilo lililoifikisha pale.

Niliandika kwa aya zenye namba. Aya ya tatu ilisema: Mkosaji alitenda kwa kukusudia, akiuona mkono na kuulenga. Nikachapisha kwenye steshenari ya pale Tengeru, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, na kila familia ikapata nakala yake.

Wiki iliyofuata jirani alivaa koti lake la kanisani, akaenda kituoni na nakala hiyo. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka polisi waone kwamba mambo yamekwisha, wafunge jalada, mdogo wangu aachwe, na aliamini kwamba karatasi yenye muhuri haibishiwi. Wakaisoma. Wakamwuliza kama yaliyoandikwa ni ya kweli. Akasema ni ya kweli kabisa, alikuwepo. Wakamwambia kesi si yake, ni ya Jamhuri, na karatasi wakabaki nayo.

Mahakamani niliitwa kuthibitisha kwamba mimi ndiye niliyeandika. Nikathibitisha, ningesema nini? Mwendesha mashtaka aliisoma aya ya tatu kwa sauti, bila kukwama hata mara moja, maana ilikuwa imeandikwa vizuri. Ule mpini wa jembe haukutajwa tena na mtu. Mdogo wangu alifungwa miaka mitatu. Hakimu alisema suluhu ya familia imempunguzia adhabu, na mama akaniuliza kwa sauti ya chini imempunguzia nini.

Niliporudi ofisini nilimweleza jaji mstaafu, nikajifanya ni habari ya watu wengine. Alitaka kujua aya ile ilisemaje. Nikamtajia neno kwa neno.

"Aya safi," akasema. "Haina utata. Shida iko wapi?"

Swali hilo nalizungusha mpaka leo. Nikisema mdogo wangu hakustahili kifungo, namwona jirani akihangaika na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Nikisema alistahili, namwona jirani huyohuyo akimletea mama maziwa kila Jumamosi na kuuliza yule kijana atatoka lini. Kama nisingeuliza swali, tungekula nyama juu ya nusu ya ukweli. Kama ningeuliza nisiandike, je, huo si uongo mwingine? Sasa tumefikia kifungu cha mambo yanayosemwa na mkosaji mbele ya wazee, kama yaruhusiwe kuwa ushahidi au la, na nimeambiwa nitafute kilizaliwa wapi. Nimetafuta katika kanuni zote nilizonazo. Kila asubuhi nafungua faili, nasoma, nafunga, nakwenda kunywa chai.

Nilikwenda gerezani kumwona mdogo wangu. Amekonda, lakini alinisalimia kwa uchangamfu, akauliza habari za mama na za maharage. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Hasira haikuja, nikamwomba tu anisamehe kwa ile karatasi.

"Hukuandika uongo," akasema. "Nilikusudia kweli."

Askari alitupa ishara kwamba muda umekwisha. Mdogo wangu akainuka.

"Ila siku ile nilikuwa naongea na wewe, dada. Na jirani yetu. Hawa wengine sikuwaambia."